Sentensi Zisizo na Baba Mkwe

Mama mkwe wangu alidhani nimerukwa na akili, na wala simlaumu. Hebu fikiria: umemwoza mwanao, umemletea mke kwa ng'ombe wazuri, halafu asubuhi moja unatoka nje unamkuta huyo mke peke yake uani, ufagio mkononi, anazungumza Kiingereza na vumbi. Ungewaza nini?

"I am sweeping," nasema, huku nafagia kweli. "I am sweeping the yard." Nahamia jikoni, nainamia mafiga, "I am blowing the fire," moshi umenijaa machoni, machozi yananitoka, na mdomo haunyamazi.

"Mayu," aliniita mama mkwe siku ya kwanza aliponisikia. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo alivyoniita akiwa na huruma au akiwa na wasiwasi. "Unaongea na nani?"

"Siongei na mtu, mama. Nasema ninachokifanya."

"Kwani hatukuoni?"

Nikaendelea kufagia. Kusema kweli swali lilikuwa zuri. Alinitazama juu mpaka chini, akaingia ndani, na jioni nikasikia minong'ono kwamba yuko mganga ng'ambo ya mto anayejua kutoa mashetani ya kizungu. Nilicheka, lakini si sana. Nilimjua mganga huyo na dawa zake za kupuliza puani.

Hii ilikuwa Kasoli, miaka ile soko huria lilipoanza kutufikia. Kabla ya hapo pamba ilikuwa na mlango mmoja tu: chama cha ushirika, mizani moja, karani mmoja mwenye kiburi, na wewe usubiri. Halafu ghafla ikawa ruksa. Kampuni zikaingia na malori yao, kila moja ikajenga kibanda chake cha bati na kutundika mizani yake, na sisi tuliozoea kumpigia karani magoti tukaanza kubembelezwa. "Mama, lete kwetu! Kwetu hukai foleni!" Weee! Hata wazee wenye nyuso za kukunja walicheka msimu ule.

Kampuni moja, iliyojenga karibu na barabara ya kwenda Sapiwi, ilikuwa na kitu ambacho wenzao hawakuwa nacho: redio kol. Antena ndefu juu ya bati, betri ya gari chini ya meza, na kipaza sauti cha kushika mkononi. Meneja wao alikuwa Mzungu, anakaa kiwandani Bariadi, hajui Kiswahili zaidi ya jambo na asante, na alitaka kila kituo kiwe na mtu wa kumwambia kwa Kiingereza kinachoendelea saa hiyo hiyo. Lori linaondoka. Mvua inanyesha. Foleni inapungua. Basi, kazi yenyewe ndiyo hiyo, kukaa dirishani na kusema. Wakikosa mtu wa hapa, walisema, watamleta wa Mwanza.

Niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na sababu ilikuwa binti yangu. Mume wangu alikwenda machimboni kutafuta dhahabu, na tangu msimu uliotangulia hatukusikia lolote, hata salamu. Kaka zangu walikuwa wameshakuja, wakaketi, wakanywa maji, wakasema kwa upole kwamba mavuno yakiisha watanichukua nirudi kwetu. Mimi. Mtoto hapana. Ng'ombe walishatolewa, kwa hiyo mtoto ni wa ukoo wa baba yake, angebaki pale. Hakuna aliyekuwa mbaya katika jambo hilo, ndiyo maana liliniuma zaidi. Sikuwa na wa kumkasirikia. Niliona tu kwamba mwanamke mwenye kazi pale Kasoli hachukuliwi hivi hivi. Ana sababu ya kukaa alipo, na mtoto wake.

Kiingereza nilikuwa nacho kidogo, cha kidato cha pili, nacho kilikuwa kimeshashika kutu. Nikamwendea mwalimu mmoja wa kike mjini Bariadi, mstaafu, nikampelekea michembe, viazi vyetu vile vya kukausha. Akanikalisha barazani, akasema, "Haya, jieleze." Nami nikajieleza kwa madaha yote: "I am knowing English. I am having a child."

Mwalimu alishika mlango kwa kucheka. "Mama we, unajifungulia hapa hapa barazani kwangu? Subiri basi niite mkunga!"

Alipokwisha kupangusa macho akanifundisha kwa namna ambayo sijaisahau. Alisema sisi tukishasema mtu analima tumemaliza. Kama analima saa hii au kilimo ndiyo kazi yake, msikilizaji atajaza mwenyewe. Kiingereza hakikuachii hapo, kinataka ukiambie. "I farm, huyo ni wewe mwaka mzima, hata ukiwa umelala. I am farming, hapo jembe liko mkononi na jasho linakutoka." Akanikataza kuandika hata neno. Niende nyumbani, na kila ninachokifanya nikiseme wakati nakifanya, si kabla, si baada. "Ukimaliza kufagia, nyamaza," alisema. "Ile imeshapita."

Basi nikawa mwendawazimu wa Kasoli. Nilisaga kwa Kiingereza, nilifua kwa Kiingereza. Nilipojimaliza mwenyewe nikawahamia wengine. Mama mkwe akawa she: she is shelling groundnuts, she is scolding me, na kweli wakati huo ananigombeza. Kwa upande wa he sikuwa na mtu, mume hayupo, kwa hiyo nikamchukua beberu. He is eating. He is fighting. Siku moja ikawa he is eating the soap, nikaacha sentensi katikati nikamkimbilia na mwiko. Majirani walikuwa wanakuja kusikiliza, wanakaa kabisa.

Lakini mwanaume alikuwepo pale nyumbani, tena mwenye nyumba. Baba mkwe. Na katika sentensi zangu zote, baba mkwe hakuwahi kufanya kitu chochote.

Nieleze kwa wasiojua. Kwa watu wa umri wake, mke wa mwana na baba wa mume hawatazamani. Jina lake silitaji. Anapoketi siketi. Akitokea njiani mimi napisha, napiga magoti kwa mbali, uso nimeuelekeza kwingine, namwamkia, "Mwangaluka," naye anaitikia akitazama mashamba, tunapita. Kama kuna neno, linapitia kwa mama mkwe, hata kama kinachotutenganisha ni ukuta wa udongo tu na kila mmoja anamsikia mwenzake akikohoa. Sasa mimi nikae nitangaze kwamba mzee anakula, mzee anajikuna mgongo, mzee anajikwaa? Loo! Huko si kujifunza lugha tena, huko ni kumvua nguo. Akipita nikiwa katika mazoezi yangu nilifunga mdomo mpaka nyayo zake ziishe.

Vijana wa siku hizi wakisikia hivi wananionea huruma. Wasinionee. Niliujua upendo wa mzee yule kuliko wengi wanaokaa meza moja na wakwe zao na kuchunguliana sahani. Nikiamka nakuta kuni zimepasuliwa vipande vyembamba, vya mkono wa mwanamke. Mtoto akiugua, maziwa ya ng'ombe wake mweusi, yule asiyeguswa na mtu, yako mlangoni asubuhi. Sikuwahi kumwona akiyaweka.

Naye alinisikia, bila shaka. Jioni moja, nikiwa jikoni, nikamsikia upande wa pili wa ukuta akimwambia mkewe, "Hebu mwulize, hayo anayoyasema kutwa nzima ni ya nini."

Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni, katikati yetu. Akageuza shingo upande wangu. "Unaulizwa ni ya nini."

"Mwambie ni ya kazi ya redio, mama. Yule meneja yuko Bariadi, huku hakuoni. Anataka kuazima macho ya mtu."

Mama mkwe akageuza shingo upande wa pili. "Anasema Mzungu haoni."

Halafu mzee akasema, "Hapo sasa kuna akili. Mwambie aongeze sauti, leo asubuhi alikuwa ananong'ona." Habari za mganga zikaishia hapo.

Siku ya usaili ikaangukia siku ya kufunguliwa kwa msimu. Niliondoka kwa miguu, mtoto nimemwachia bibi yake. Baba mkwe alikuwa ameshatangulia alfajiri na mkokoteni wa ng'ombe, pamba imejaa mpaka juu, safi tupu. Hakuwa mtu wa kuchanganya na fifi, ile chafu ya daraja la pili. Alikuwa anaipeleka kituo kile kile, maana ndicho cha karibu. Hakuna kati yetu aliyewaza lolote. Sote tulidhani usaili ni kukaa ndani na kuulizwa jina na shule.

Mzungu alikuja mwenyewe, mtu mrefu mwenye shingo iliyoungua jua, mpole wa macho. Pembeni yake karani wa kampuni, kijana wa Dar es Salaam, mashati ya kupiga pasi. Wakanikalisha mbele ya dirisha lililo wazi, ua wote uko mbele yangu: mizani, foleni ya mikokoteni, vibarua na marobota mgongoni. Mzungu akanyoosha kalamu yake nje, akasema polepole, "Tell me what is happening. Now."

Nilitaka kucheka kwa furaha. Si ndicho nilichokuwa nakifanya muda wote ule! Nikakaa vizuri, nikafungua mdomo, nikatazama nje. Na mbele kabisa ya foleni, karibu na dirisha kiasi cha kusikia ng'ombe wakipumua, nikawaona ng'ombe ninaowanywesha maji kila jioni. Juu ya mkokoteni, amesimama, anafungua kamba, baba mkwe.

Kichwa kikashuka chenyewe. Sikukiamuru.

"What is that man doing?" Mzungu akauliza, akimwonyesha yeye hasa, maana ndiye aliyekuwa anafanya kazi kuliko wote pale uani.

Nikanyamaza.

Karani akanisogelea. "Dada, anauliza yule mzee anafanya nini."

Nikanyamaza.

"Hata kwa Kiswahili basi! Anafungua kamba, si unaona? Mbona rahisi?"

"Siwezi," nikasema.

Karani akamgeukia bosi wake akainua mabega. "She cannot."

Utaniambia, si ungesema tu kwamba ni mkwe wako? Sema wewe, umekaa kwako umekunja miguu. Dirisha lilikuwa wazi. Angesikia kila neno, anatajwa na mke wa mwanawe mbele ya wageni, na foleni nzima ya watu wazima waliomjua tangu ujana wake inasikia. Kiingereza nilikuwa nacho chote. He is standing. He is untying the rope. Kilikuwa kimekaa hapa, mdomoni. Na nilikuwa nawaona kaka zangu wakija, na binti yangu amesimama mlangoni ananitazama ninavyoondoka. Machozi yakaanza kudondoka kwenye kitenge, na bado kichwa hakikuinuka. Nilijichukia. Nikamchukia na Mzungu, nikamchukia karani na mashati yake, nikaichukia hata ile kamba.

Yaliyotokea nje nilisimuliwa baadaye na kibarua wa mizani. Anasema baba mkwe aliniona nimeinama akadhani namwamkia. Akageukia pembeni, kama desturi, akaendelea na kamba yake akingoja niinuke. Sikuinuka. Akamwuliza kibarua, "Mle ndani wanafanya nini?" Kibarua akacheka: "Wanamtaka yule mama aseme kwa Kizungu anayoyaona huku nje. Naona kimemshinda."

Mzee aliifunga tena kamba aliyokuwa ameshaifungua. Akashuka, akawashika ng'ombe, akawageuza. Na hapo ni zamu yake, wa kwanza siku ya kwanza ya msimu, nafasi aliyoamkia gizani. Foleni ikaanza kumpigia kelele. "Mzee, unakwenda wapi? Zamu yako! Mzee!" Hakugeuka. Akatoka nje ya geti na pamba yake yote.

Mimi ndani nilisikia tu kelele, na magurudumu yakisogea. Yalipopita geti nikainua kichwa, nikapangusa pua kwa mkono kama mtoto, na ua ukawa wangu.

"Two men are carrying a bale," nikasema. "They are putting it on the scale. That woman is giving porridge to her child. That man is laughing, that one is not laughing, they are quarrelling. A dog is sleeping under the lorry. The driver is waking the dog." Karani aliacha kuinua mabega. Mzungu alicheka kwa yule mbwa, akaniambia inatosha, nami nikaendelea kidogo maana nilikuwa nimefunguka na sikutaka kufungwa.

Ndipo akakumbuka. Akaegemea dirishani, akatazama barabarani, mkokoteni unaishilia kwenye vumbi. Yule mzee, akauliza, mbona anaondoka na pamba yake? "What is he doing?"

Nikatazama sakafu. Mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu, nikamweka mzee yule katika sentensi.

"He is helping me."

Hakuelewa. Karani naye hakuelewa. Walidhani nimekosea kidogo, wakanisamehe kwa yale mengine, na kazi nikapewa.

Nilikimbia kurudi nyumbani. Njiani nilikuwa najiambia mzee alikaa nyuma ya ua mpaka nimalize, kisha akarudi kupima, sasa hivi yuko nyumbani anakunywa maji. Hakuwepo. Jua likainama, hakuwepo. Alirudi giza likiingia, ng'ombe hoi, mkokoteni mtupu. Nikamsikia akikaa upande wake wa ukuta, akishusha pumzi.

"Ameuza Sapiwi," mama mkwe akaniambia.

"Sapiwi! Mama, na umbali wote ule? Mwulize kwa nini hakurudi pale nilipomaliza. Niliondoka mapema!"

Mama mkwe akageuza shingo. Upande wa pili mzee aliongea kwa muda, kwa sauti ya chini, kama mtu anayepanga kazi za kesho. Nilisikia kila neno, lakini nilingoja niletewe.

"Anasema atauza Sapiwi siku zote," mama mkwe akasema. "Si leo tu. Anasema yeye akikanyaga ua ule wewe utakuwa bubu, na hakuna kampuni inayoajiri bubu. Anasema enzi za ushirika tungeshindwa, mizani ilikuwa ile ile moja kwa watu wote. Siku hizi ziko tele. Kwa nini ang'ang'anie iliyo dirishani kwako?" Kisha akaongeza la kwake mwenyewe, "Na miguu yake ile inavyomsumbua."

Nililia pale pale jikoni, kwa sauti, bila kumwonea haya mtu. Nilimpenda mzee yule kuliko nilivyokuwa na njia ya kumwambia.

"Mwambie ale," nikasikia upande wa pili. "Kesho ana kazi."

Kaka zangu walikuja mavuno yalipoisha, kama walivyoahidi. Walinikuta kituoni, wakanisikiliza nikiongea na redio, wakatazamana. Wakaenda nyumbani, wakambeba mpwa wao mabegani kidogo, wakala, wakaondoka wenyewe kama walivyokuja.

Nilikaa dirishani pale misimu mingi. Barabara ya Sapiwi inapita mbele ya geti, kwa hiyo hakuwa na njia nyingine ya kupitisha pamba yake. Wale vibarua wa mizani walishaelewa, hata hawakuhitaji kuambiwa. Mmoja akiona ng'ombe wale wakija kwa mbali anagonga bati mara moja: "Dada, anapita." Kule Bariadi nao wakazoea kwamba asubuhi fulani za msimu redio ya Kasoli inakatika ghafla katikati ya maneno. Meneja anaita, anarudia kuita: "Kasoli, Kasoli, what is happening? Kasoli, are you there?"

Nilikuwepo. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, dirisha nimelipa mgongo, namwamkia baba mkwe mpaka apite.